Nyuzi za ukulele ya baritoni: uongo tunaouziana

Watu wanasema baritoni, ile ukulele kubwa ya nyuzi nne, lazima uifungie seti yake maalumu, ukiikosa basi ukulele ikae ukutani. Si kweli! Baritoni inatyuniwa D-G-B-E, yaani zilezile nyuzi namba 4 mpaka 1 za gitaa, kwa hiyo nyuzi za gitaa la nailoni zinakaa bila shida. Ila angalia kitu kimoja, gitaa la klasiki lina sm 65 kutoka nati (kijiti cha juu shingoni nyuzi zinapopita) hadi darajani (zinapofungwa kwenye mwili) na baritoni ina kama 50 tu, so noti ileile inabeba kama asilimia 60 ya mvutano, uzi unalegea. Ndo maana mi nachukua pakiti iliyoandikwa hard, yaani nyuzi za mvutano mkubwa.

Nyuzi za chuma je? Hapana aisee, baritoni ya kawaida daraja limeshikwa na gundi tu na ubao wa juu ni mwembamba, utaling'oa.

Sasa hii ya kuchanganya, eti ukichanganya seti unaharibu sauti. Mimi G yangu ilikuwa nailoni tupu, nene kama milimita 1, halafu jirani yake D imezungushiwa waya, basi D inalia wee ukifika G unasikia du, kama umegusa kamba ya kuanikia nguo. Nikadhani ukulele mbovu. Kumbe ni unene, florokaboni, plastiki nyingine ya nyuzi, ni nzito kuliko nailoni kwa hiyo noti ileile unaipata kwa uzi mwembamba zaidi, kama milimita 0.8 hivi, na mwembamba unalia wazi. Florokaboni yenyewe ni mshipi wa kuvulia samaki huohuo, nenda duka la vifaa vya uvuvi na usione haya. Wengine wanaweka G ya waya ifanane na D, poa tu, ila vidole vikiteleza inalia kwikwi na waya unalika pale kwenye freti, vile vyuma vya shingoni.

Kuna wanaotaka G-C-E-A ya ukulele ndogo wakakaza nyuzi zilezile mpaka huko juu... mvutano unapanda karibu asilimia 80, usithubutu, kwa tyuni hiyo kuna nyuzi zake nyembamba.

Na uzi mpya kushuka kila baada ya dakika kumi si feki, nailoni inavutika siku kadhaa, uvute taratibu kwa kidole ukishaufunga kisha utyuni tena, na tena.