Kujizuia hufundishwa: nidhamu ya darasa la awali bila fimbo

Kila Januari shule za msingi za Mtwara na Lindi hupokea watoto wa miaka 5 wa darasa la awali. Wengi wao familia zao ndiyo kwanza zimemaliza msimu wa korosho. Miezi kadhaa wameshinda chini ya mikorosho wakiokota na kucheza, na hakuna aliyewahi kuwaambia wapange foleni. Wiki haijaisha mwalimu ameshalalamika: "Watoto wa mwaka huu hawana adabu." Mwaka jana alisema hivyohivyo.

Adabu wanayo. Shikamoo wanaijua, na mkubwa akipita wanampisha. Wasichokijua ni taratibu za chumba chenye watoto 80, mikeka michache na sufuria moja ya uji. Hizo hawawezi kuzileta kutoka nyumbani. Ni somo, na somo lina mwalimu wake. Tena sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomfanya mtu asite kabla ya kutenda, hukomaa polepole mno, mpaka mtu avuke miaka 20. Ndiyo maana mtoto wa awali anaweza kukimbia kwa mwalimu kumsemea mwenzake aliyesukuma, kisha akarudi kwenye foleni na kusukuma yeye.

Tuchukue hiyo foleni ya kunawa mikono kwenye kibuyu chirizi, kile kidumu cha maji kinachoinamishwa kwa kukanyaga kijiti, kabla ya uji wa saa nne. "Acheni fujo!" inamwambia mtoto aache, haimwambii afanye nini. Mwalimu aonyeshe mwenyewe: asimame nyuma ya mtoto mmoja, mikono mgongoni, asogee hatua moja wa mbele akitoka. Kisha makusudi apenye katikati. Watoto watacheka na watamsahihisha kwa kelele, na hapo ujue wameelewa. Baadaye wajaribu watano watano. Kwenye uwanja wa mchanga, vifuu vya nazi vilivyofukiwa nusu kwa mstari vinatosha kumwonyesha kila mmoja pa kusimama. Wengi tunafundisha foleni uji ukiwa tayari unafuka na matumbo yananguruma. Fundisha asubuhi, wakati hakuna anayegombea kitu. Na likizo ikiisha, anza upya bila kununa.

Kanuni za darasa zisizidi tatu au nne, na ziseme la kufanya: tunamsikiliza anayesema, mikono yetu inakaa kwetu, tunarudisha kitu mahali pake. Kwa mtoto aliyekulia kwenye Kimakonde, Kimwera au Kiyao na Kiswahili bado anakitafuta, picha na vitendo vitamfikia kabla ya maneno.

Mazoezi mazuri kuliko yote ya kujizuia hayagharimu hata shilingi. Ni mchezo wa nyama. Kiongozi anaita "Nyama nyama nyama!", wote wanaitika "Nyama!" "Nyama ya mbuzi!" wanaruka na kuitika. "Nyama ya fisi!" kimya, hakuna kuruka. Mtoto ambaye miguu imeshaanza kupaa akaizuia, amefanya kazi ileile tunayomtaka aifanye anapotamani kunyang'anya kalamu ya rangi. Anza taratibu, ongeza kasi, halafu geuza: wakae kimya kwa wanaoliwa, waruke kwa wasioliwa. Jambo moja tu libadilishwe. Mtaani anayekosea hutolewa, lakini darasani asitolewe, maana huyo ndiye anayehitaji mazoezi zaidi. (Ukitaja panya ukiwa Newala, usishangae nusu ya darasa ikiruka. Kule panya huitwa samaki nchanga na ni kitoweo, watoto hawajakosea.)

Kungoja nako kunategemea neno la mkubwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha jaribio dogo la watoto wa miaka 3 hadi 5. Baadhi waliahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea wakaletewa. Wengine waliahidiwa, mtu mzima akarudi mikono mitupu. Kisha wote wakaambiwa wakingoja bila kula pipi moja watapata ya pili. Waliotimiziwa walingoja wastani wa dakika 12, waliodanganywa dakika 3. Basi mwalimu akisema "kesho zamu yako ya mpira", aiandike ukutani na kesho ampe. Na mzazi aliyeahidi viatu korosho zikiuzwa, malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yakichelewa amwambie mtoto yamechelewa, asinyamaze.

Kuhusu fimbo, kanuni za elimu za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe kwa utovu mkubwa wa nidhamu tu, na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viingizwe kwenye kitabu cha kumbukumbu. Kusukumana kwa watoto wa miaka 5 hakumo humo kwa namna yoyote. Kwa maoni yangu fimbo isionekane hata mezani, kwa sababu mtoto hujifunza kuichunga fimbo. Mwalimu akiitwa ofisini, darasa linalipuka. Aliyempiga mwenzake, chuchumaa mtazamane: "Umekasirika, kakunyang'anya. Mikono inakaa kwetu. Mwambie, nipe, ni zamu yangu." Aseme palepale, mbele ya huyo mwenzake.

Haya ni magumu pale ambapo mwalimu mmoja ana watoto 80 ilhali kiwango cha serikali ni 25. Wagawe: kundi moja kwenye kona za kujifunzia, jingine uwanjani na mzazi wa zamu.

Na yule ambaye mpaka Juni bado hafuati lolote? Uliza kama anakuja na njaa, kama analala vya kutosha. Halafu simama nyuma yake umwite kwa jina kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka mara kadhaa, mzazi ampeleke kituo cha afya akapimwe masikio kabla ya kikao kingine chochote cha nidhamu.