Marumaru ya mheshimiwa na maana ya kauri

Juzi kwenye daladala ya Mbagala, jirani yangu wa kiti alikuwa akitazama video ya mbunge mmoja akizindua zahanati. Sauti iko juu, kwa hiyo tukatazama wote. Mheshimiwa ananyoosha kidole chini: "Wananchi, tumewawekea marumaru!" Kamera ikashuka. Sakafu inang'aa kweli, nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Ila mshipa mmoja ulikuwa na umbo la manati, na manati hilo lilijirudia kila baada ya vipande vinne mpaka mlangoni. Jiwe la mlimani halijirudii namna hiyo. Ile ilikuwa picha iliyochapwa juu ya udongo uliochomwa. Ilikuwa tailizi, na tailizi ni kauri.

Madalali walishaniudhi vya kutosha kwa hili: "chumba, sebule, choo ndani, marumaru, luku yako." Sasa na waheshimiwa.

Kauri, kwa haraka, ni kitu kigumu kisicho metali wala plastiki, kilichoanza kama udongo au unga wa madini, kikafinyangwa au kushindiliwa, kisha kikachomwa mpaka chembe zake zikashikana. Chungu ni kauri. Tofali la kuchoma, sinki, kikombe cha chai, ile sehemu nyeupe ya plagi ya bodaboda, vile vikombe vya kahawia vinavyoshika nyaya juu ya nguzo za umeme, vyote ni kauri. Kioo wataalamu wengine wanakiingiza humo, wengine wanakitenga, tukiache.

Neno lenyewe ndilo tamu. Kauri kwanza ni konokono wa baharini, yule mwenye gamba linaloteleza na mdomo wa meno meno. Jina limetoka Bara Hindi, likaja na biashara, kwa kuwa gamba hilo lilikuwa fedha. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizisomba kauri kutoka Zanzibar kwenda Afrika Magharibi, shehena juu ya shehena, mpaka zikafurika sokoni huko na thamani yake ikaporomoka. Mwitaliano naye alikuwa na jina lake la gamba hilo, porcellana. Alipofikiwa na vyombo vyeupe vya Uchina, vinavyoteleza vilevile, akavipa jina la konokono. Limo katika simulizi za Marco Polo, mwishoni mwa karne ya 13. Kiswahili kina mruko uleule: kauri ya baharini, kauri ya mezani. Anayetaka kuiona ya mezani ikiwa imepewa heshima yake aende kwenye magofu ya Kunduchi, aangalie makaburi ya nguzo yaliyopachikwa vyombo vya Kichina. Na udongo mweupe unaotoa kauri ya aina hiyo, kaolini, umepewa jina la kilima cha Gaoling huko Uchina, lakini umo pia kwenye vilima vya Pugu, ukitoka tu mjini.

Marumaru ni safari nyingine kabisa. Neno ni la Kiarabu, marmar, na kitu chenyewe ni jiwe: mawe ya chokaa yaliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi. Binadamu kazi yake ni kulikata na kulisugua. Kinachoniudhi ni moto. Kauri inazaliwa tanurini, na tailizi huchomwa kwenye joto la nyuzi 1000 na zaidi. Marumaru ukiitia humo, ikikaribia nyuzi 900 inaanza kugeuka chokaa. Wazee wa pwani waliochoma matumbawe kwa magogo ili wapate chokaa ya kujengea wangelielewa hili bila darasa. Moto unaoumba kimoja unaua kingine, nasi tumevipa jina moja! Ukibisha, kamua ndimu. Juu ya marumaru itatoa vipovu na kuacha doa lisilong'aa. Juu ya tailizi utafuta, basi.

Watu wa kamusi wanataka tuseme vigae. Sina ugomvi nao. Kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, na tailizi ni ndugu yake wa damu. Lakini mwambie fundi wa Tandika akuletee vigae, atakuuliza vya geji ngapi. Yeye anajua bati za vigae.

Kuna na kosa la upande wa pili, la kudhani mtafiti wa kauri ni mfinyanzi mwenye digrii. Fundi aliyeniwekea tailizi jikoni alikuwa akiinua kila kipande kwa vidole viwili na kukigonga kwa kifundo. Kizima kinalia. Chenye ufa kinajibu kwa sauti nzito, fupi. Alitenga viwili, mimi sikuona kitu, akamimina chai yake ya rangi upande wa nyuma, ufa ukajichora kama unywele. Kuwinda nyufa, huo ndio utafiti wa kauri wenyewe. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith, akifanya majaribio kwa glasi, alieleza kwamba vitu vya jamii hii huvunjika kwa sababu ya nyufa ndogo zinazokusanya nguvu kwenye ncha zake. Mwaka 1975 mtafiti Garvie na wenzake wakaonyesha zirkonia, kauri ngumu ambayo ufa ukipita, chembe zake hubadilika umbo, zikavimba na kuubana. Leo zirkonia iko mdomoni mwa watu kama jino.

Kwa nini kosa la marumaru halifi? Nadhani ni kwa sababu kurasa za wanasiasa mitandaoni zinasema zaidi kuliko zinavyosikiliza. Mtafiti Golbeck na wenzake walipopitia Twitter za wabunge wa Marekani, katika utafiti uliotoka 2010, walikuta sehemu kubwa ni kutangaza habari na shughuli zao. Za kwetu sijazihesabu, ila niliwahi kuandika chini ya posti moja, kwa adabu zote, "hizo ni tailizi, mheshimiwa". Nilijibiwa na mtu mmoja, akiuza tailizi.

Basi narudia hapa, kwako mheshimiwa na kwa kijana anayekushikia simu. Zahanati ni nzuri, hongereni. Andikeni tailizi, au vigae, au kauri mkitaka kupendeza. Hamtakuwa mmeishusha: muuguzi akimwaga dawa ya choo yenye asidi hapo chini, atapiga deki na kuendelea na kazi. Ingekuwa marumaru, doa lingebaki.