Je, wajua kwa nini kibubu cha magazeti hulia kama mbao?

Vibubu vya mbao wanavyotembeza machinga wa Dar es Salaam havina fumbo: mbao ni ngumu, basi. Cha kushangaza ni kile cha nyumbani: puto lililobandikwa vipande vya gazeti kwa gundi ya unga wa ngano. Kikikauka unapasua puto, unakata tundu la kupitisha sarafu ya shilingi 500, unapaka rangi. Kigonge kwa kidole: ko-ko-ko. Na hili ni gazeti lile lile la kufungia vitumbua!

Kwa miaka mingi nilijibu kwa kujiamini kwamba ugumu unatoka kwenye gundi. Uji ukikauka si unakuwa kama ukoko? Basi nilipotengeneza changu, tena wakati wa masika, gundi niliimimina kama fundi anayesakafia nyumba. Siku ya nne nje kulikuwa kukavu, ndani kumeota ukungu wa kijani. Gundi nene ilipokauka ikapasuka nyufa, ikabanduka kama rangi ya ukuta ulioliwa na chumvi. Jaribu mwenyewe kukausha gundi tupu kwenye sahani: utapata kigamba kinachovunjika kwa vidole viwili. Anayebeba mzigo ni karatasi. Gundi kazi yake ni kuzizuia karatasi zisiteleze, na hapo ndipo penye utamu.

Chukua daftari ulipinde. Tazama ukingoni: kurasa zimepishana kama ngazi. Kila ukurasa umejipinda kivyake huku ukimteleza mwenzake, ndiyo maana mkono hauchoki. Sasa chukulia kurasa zote zimegandishwa. Ukitaka kupinda, ukurasa wa nje lazima uvutike na wa ndani ubanwe. Na nyuzi za karatasi, ambazo asili yake ni mti kama mbao ya machinga, hazitaki kuvutika. Karatasi 8 zilizolala tu pamoja hukupa ukinzani mara 8 ya karatasi moja. Zigandishe, unapata mara 512, yaani 8 × 8 × 8. (Hesabu hiyo ni ya gundi iliyoshika kila mahali. Penye mapovu ya hewa karatasi huteleza tena, kwa hiyo chako kitakuwa chini ya hapo.)

Ndiyo maana gundi nyepesi hushinda nzito: hujipenyeza kwenye karatasi na kusukuma hewa nje. Koroga unga kwenye maji baridi, bandika jikoni. Kwenye nyuzi joto 60 hivi chembe za wanga huanza kuvimba, nawe utauona mchanganyiko ukishikana. Epua ungali mwepesi kama uji wa mgonjwa. Bandika tabaka mbili, anika zikauke kabisa, ndipo uongeze.

Mwisho paka vanishi. Usipopaka, nyuzi hunyonya unyevu wa pwani na wanga hulainika. Masika ijayo kigonge tena usikie ile ko-ko-ko imegeuka pu-pu-pu.