Je, wajua kwa nini Glenda Jackson, mshindi wa Oscar mbili, aliacha uigizaji kwa zaidi ya miaka 20?

Novemba 2016, katika ukumbi wa Old Vic jijini London, mwanamke mwembamba wa miaka 80 alipanda jukwaani kuigiza Mfalme Lear, yule mzee wa Shakespeare anayewagawia binti zake ufalme na kuishia kutangatanga nje kwenye mvua na radi. Ni nafasi inayowachosha hata wanaume wa nusu ya umri wake. Mchezo unapita saa tatu, na Lear hulaani, hulia, hurukwa na akili, na mwishoni huingia na maiti ya bintiye. Mwanamke huyo, Glenda Jackson, alikuwa hajacheza jukwaani kwa robo karne.

Muda wote huo alikuwa wapi? Bungeni. Ili kuelewa kilichompeleka huko, inabidi kuanzia nyumbani kwao.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1936 Birkenhead, mji wa bandari unaotazamana na Liverpool ng'ambo ya mto Mersey. Baba yake alikuwa mwashi. Mama yake alifanya usafi kwenye nyumba za watu, na kazi nyingine yoyote iliyoleta senti. Glenda mwenyewe alipotoka shule alisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa la Boots kwa miaka miwili. Akajiunga na kikundi cha maigizo cha ridhaa, na mwaka 1954 akapata ufadhili wa kusoma RADA, chuo maarufu cha uigizaji jijini London. Bila ufadhili ule, mtoto wa mwashi asingefika pale.

Jina lilichelewa kuja. Mwaka 1964 mwongozaji Peter Brook alimchukua katika kampuni ya Royal Shakespeare na kumpa nafasi ya mgonjwa wa akili katika mchezo wa Marat/Sade. Kuna tukio ambalo kwenye maandishi ni la kuchapa mtu kwa mjeledi. Glenda hakushika mjeledi. Alimchapa mwenzake mgongoni kwa nywele zake mwenyewe, taratibu, kichwa kikienda na kurudi. Aliyewahi kuliona tukio hilo kwenye filamu ya 1967 hawezi kulisahau.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Alipata Oscar ya kwanza kwa filamu ya Women in Love na ya pili kwa A Touch of Class, na mara zote mbili hakwenda Marekani kuipokea. Mama yake, aliyezoea kazi ya usafi, alizisugua sanamu hizo kwa bidii hata dhahabu ya juu ikabanduka. Katikati ya Oscar hizo mbili, mwaka 1971, Glenda aliigiza Malkia Elizabeth wa Kwanza katika tamthilia ya BBC ya sehemu sita, tangu ni msichana hadi ajuza wa karibu miaka 70. Ili paji lake liwe pana kama la malkia kwenye michoro ya kale, alikubali kunyolewa nywele za mbele kwa wembe. Alitaka uso wa kweli, na kazi ile ikampa tuzo mbili za Emmy, tuzo za televisheni za Marekani.

Sasa, kwa nini aliacha? Wengi hutaja sababu moja tu: hasira yake dhidi ya serikali ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, iliyotawala kuanzia 1979 hadi 1990. Ni kweli, na mwenyewe alisema kwamba alikuwa tayari kufanya lolote, mradi ni halali, kuiondoa serikali ile. Lakini kulikuwa na jambo la pili, ambalo aliendelea kulalamikia hadi uzeeni. Waandishi, alisema, hawavutiwi na wanawake. Mwanamume akizeeka, kuna Lear na wenzake wanamsubiri. Mwanamke akivuka miaka 50 hubakiziwa mama wa fulani au jirani wa fulani. Mimi naona sababu hizi mbili ni moja. Binti aliyemwona mama yake akivunjika mgongo kwa kazi za watu asingeweza kukubali kuwekwa pembeni, iwe kwenye mchezo au kwenye nchi.

Aprili 1992 alichaguliwa kuwa mbunge wa Hampstead na Highgate, kaskazini mwa London, kwa tiketi ya Labour, chama pinzani cha kile cha Thatcher. Alikaa miaka 23. Alipewa uwaziri mdogo wa uchukuzi mwaka 1997, akauacha 1999 ili kuwania umeya wa London, ila chama hakikumteua. Alipinga vita vya Iraq wakati kiongozi wa chama chake ndiye aliyevipigania. Mwaka 2010 alichaguliwa tena kwa tofauti ya kura 42 tu.

Siku yake kubwa bungeni ni tarehe 10 Aprili 2013. Thatcher alikuwa amefariki, wabunge wameitwa kutoa rambirambi, na wengi waliompinga waliona heri wasije. Glenda alisimama. Alieleza jinsi milango ya maduka usiku ilivyogeuka vyumba vya kulala vya wasio na makazi, na shule zilivyokosa vitabu. Wabunge wa upande wa pili walimzomea, naye hakushusha sauti. Mbunge mmoja alipolalamika, Spika alijibu kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa.

Aliacha ubunge 2015, na mwaka uliofuata akawa Lear. Watu walishangaa: amewezaje? Jibu lake mwenyewe linanigusa sana. Akiwa mbunge alitembelea makazi ya wazee, na huko aliona kwamba kadiri watu wanavyozeeka, mipaka iliyo wazi kati ya mwanamume na mwanamke huanza kupasuka na kufifia. Hivyo hakuhitaji kujifanya mwanamume. Alicheza uzee aliouona kwa macho, mzee mmoja baada ya mwingine, kwa miaka 23. Nafasi ambayo waandishi hawakumwandikia mwanamke, aliichukua ile ya mwanamume na kuijaza.

Kazi zikafuatana. Mwaka 2018 alipata tuzo ya Tony, ya michezo ya jukwaani, huko Broadway, New York, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 82, akamrudia Lear hukohuko. Mwaka huohuo 2019 aliigiza kwenye BBC bibi anayepoteza kumbukumbu huku akimtafuta rafiki yake aliyetoweka, na tuzo ya BAFTA ya Uingereza ikafuata.

Filamu yake ya mwisho, The Great Escaper, aliicheza na Michael Caine. Wao ni mume na mke wanaoishi katika makazi ya wazee, mume anatoroka kwenda Ufaransa kuwakumbuka wenzake wa vitani, mke anabaki chumbani akimsubiri. Ilitoka Oktoba 2023. Glenda alikuwa amefariki tarehe 15 Juni, nyumbani kwake Blackheath, akiwa na miaka 87.