Ndugu yako akitengwa gerezani, ulizia tarehe ya kutoka

Kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Arusha, habari za mfungwa aliyetengwa huletwa na ndugu, na mara nyingi huja zimechelewa. Mama amepanda daladala kutoka Usa River na kikapu chake, amefika siku ya kuona wafungwa, akaambiwa kijana wake yuko kwenye adhabu, haonwi. Anarudi nyumbani na chakula chake. Wiki zinapita ndipo jirani anamwelekeza kwetu. Nikimuuliza ametengwa tangu lini, kwa kosa gani na atatoka lini, hajui. Hakuuliza, kwa kuwa hakujua kama pale mlangoni kuna la kuuliza.

Wapo pia wanaokuja bila wasiwasi wowote. "Sasa wakili, si afadhali amepata nafasi?" Hoja hii siidharau. Aliyewahi kulala mchongoma, watu wamebanana ubavu kwa ubavu na kugeuka mpaka wote wageuke, seli ya mtu mmoja anaiona kama chumba cha gesti. Lakini kulala peke yako usiku ni jambo moja na kutengwa ni jingine. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatunza wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela na zilizopitishwa na Baraza Kuu tarehe 17 Desemba 2015, zenyewe zinasema penye vyumba vya mtu mmoja, kila mfungwa alale chake. Zinachokihofia kimeelezwa kwenye kanuni ya 44: mtu kufungiwa saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano yenye maana na binadamu mwenzake. Hali hiyo ikizidi siku 15 mfululizo, kanuni ya 43 inaipiga marufuku. Inapiga marufuku pia kutenga bila kikomo, kumweka mtu kwenye seli ya giza au yenye taa isiyozimwa, kumpunguzia chakula au maji kama adhabu, na kuadhibu kundi zima kwa kosa la mmoja.

Yazingatie hayo maneno "yenye maana". Askari anayesukuma sahani kwenye tundu la mlango na kusema "haya, shika" hajaongea na mtu. Mganga anayechungulia na kuuliza "uko poa?" huku anatembea, naye bado.

Kwa nini kikomo ni siku 15 na si miezi mitatu? Ni kwa sababu ya yanayotokea kichwani. Usingizi unavurugika, mchana na usiku vinachanganyika. Sauti ndogo, funguo au buti koridoni, zinamshtua mtu kupita kiasi. Wazo moja linamzunguka kutwa nzima. Anakosa subira, anakasirikia kitu kisichokuwepo, na wengine huanza kusikia sauti au kujiumiza. Si kila mtu hufika huko, ila hakuna anayeweza kukwambia mapema ni nani atafika. Aliyeingia na ugonjwa wa akili ndiye huzama haraka, na bahati mbaya ndiye huyo huyo anayevunja amri za gereza mara kwa mara, kwa hiyo ndiye anayetengwa mara kwa mara.

Haya yalijulikana zamani. Mwaka 1829 huko Philadelphia, Marekani, lilifunguliwa gereza ambamo kila mfungwa aliishi peke yake. Waliolianzisha walikuwa watu wa dini, wakiamini ukimya ungemfanya mkosaji ajutie dhambi zake. Mwaka 1890 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliandika, katika shauri la Medley, kwamba wafungwa wengi wa mfumo wa namna hiyo walipumbazika hata baada ya muda mfupi, wengine wakapata wazimu, wengine wakajiua. Na bado nchi hiyo hiyo ikaja kujenga magereza mazima ya kutenga watu katika karne ya 20.

Takwimu nzuri kuhusu jambo hili zinatoka huko huko, kwa sababu wao walipima. Utafiti wa mahabusu za jiji la New York uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa walioingia seli za kutengwa walikuwa takriban asilimia 7 ya waliopokelewa, lakini matukio zaidi ya nusu ya kujiumiza yalikuwa yao. Mwaka 2019, watafiti waliofuatilia watu walioachiwa kutoka magereza ya North Carolina walikuta kwamba waliowahi kutengwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 24, wa kufa katika mwaka wa kwanza uraiani. Kwa kujiua peke yake, ongezeko lilikuwa asilimia 78. Yaani madhara humfuata mtu hadi nyumbani, na anayeyapokea ni familia.

Kisa ninachopenda kuwasimulia askari magereza kwenye semina ni cha Colorado. Machi 2013, mkuu wa magereza wa jimbo hilo, Tom Clements, aliuawa mlangoni kwake na mtu aliyekuwa ametolewa kwenye seli ya kutengwa moja kwa moja hadi mtaani. Clements mwenyewe alikuwa ameshaanza kupunguza idadi ya waliotengwa. Aliyemrithi, Rick Raemisch, aliomba Januari 2014 afungiwe kama mfungwa, akakaa saa 20 kwenye seli ya namna hiyo. Alitoka akisema alikuwa ameshaanza kuvurugikiwa kwa saa hizo tu. Ilipofika mwaka 2017, jimbo lake lilikuwa limeweka kikomo cha siku 15. Huyu hakuwa mwanaharakati. Alikuwa bosi wa magereza, na hoja yake ilikuwa ya usalama: wengi wa wafungwa hawa siku moja watakuwa majirani zetu.

Tusidhani hili ni la Marekani peke yake. Magereza ya nchi zilizotawaliwa na Mwingereza yalirithi sheria zenye adhabu ya seli ya peke yake pamoja na mlo wa adhabu, yaani chakula kilichopunguzwa, na sheria hizo hazikufutika bendera ilipobadilika. Afrika nayo imelisemea jambo hili, tena hapa hapa. Februari 1999 wakuu wa magereza wa nchi za mashariki, kusini na kati mwa Afrika walikutana mjini kwetu wakatoa Azimio la Arusha kuhusu uendeshaji bora wa magereza, wakiahidi kulinda haki na utu wa wafungwa na kuboresha mazingira ya kazi ya askari. Ukitaja Azimio la Arusha kila mtu anakumbuka la 1967. Hili la pili hata mawakili wengi hawalijui. Na tarehe 3 Juni 2016 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa Arusha, iliamua kwamba Libya ilivunja Mkataba wa Afrika kwa kumshikilia Saif al-Islam Gaddafi, mtoto wa Muammar Gaddafi aliyekuwa mtawala wa nchi hiyo, katika upweke, bila ndugu wala wakili. Ukubwa wa tuhuma zake haukumwondolea haki hizo.

Kwetu Tanzania, Ibara ya 13(6) ya Katiba inakataza mateso na adhabu za kinyama au za kudhalilisha, na inataka heshima ya mtu itunzwe hata akiwa chini ya ulinzi. Kanuni za Mandela si mkataba, hakimu hafungwi nazo kama anavyofungwa na sheria ya Bunge, lakini ndicho kipimo kinachotumika duniani kuamua adhabu ya namna hii imevuka wapi.

Sasa, wakorofi je? Swali hili huulizwa kila semina, na ni la haki. Anayewapiga wenzake kwa chuma lazima aondolewe kati yao. Mwenye kifua kikuu lazima atengwe hadi asiweze kuambukiza. Aliyewahi kuwa polisi hawezi kulazwa bweni moja na watu aliowakamata. Kutenganisha hakuna ubaya. Ubaya ni kudhani kwamba aliyetenganishwa lazima pia anyimwe mazungumzo, jua, kitabu, ibada na ndugu zake. Huyo polisi wa zamani hana kosa alilotenda gerezani, na kumpa maisha ya seli ya adhabu ni kumwadhibu kwa sababu tu ana maadui. Anaweza kuwekwa na mwenzake mmoja wa hali kama yake, akatoka uani saa tofauti na wengine. Kwa ugomvi wa kawaida, afisa ustawi au sheikh au mchungaji anayewajua pande zote mbili humaliza mambo ambayo seli huyaahirisha tu.

Wapo wasiotakiwa kutengwa hata siku moja kama adhabu: wajawazito, wanaonyonyesha, mama aliye na mtoto mchanga gerezani, na watoto. Wenye watoto katika mahabusu za watoto, hapa Arusha na kule Moshi, wakumbuke hili. Vilevile mwenye ulemavu wa mwili au wa akili ambaye kutengwa kutamzidishia hali.

Kwa hiyo ukiambiwa ndugu yako yuko kwenye adhabu, uliza kwa adabu, na uandike majibu palepale: ameingia tarehe ngapi, anatoka tarehe ngapi, kosa lake ni nini, nani aliidhinisha, na mganga amemwona lini mara ya mwisho. Mganga anatakiwa kumwona kila siku, na si kazi yake kuidhinisha adhabu. Kazi yake ni kumwambia mkuu wa gereza pale afya inapoharibika. "Haonwi" nalo si jibu la mwisho. Kanuni ya 43 hairuhusu kukata mawasiliano na familia kama adhabu. Yanaweza kubanwa kwa muda mfupi tu, na kwa kadiri usalama na utulivu wa gereza unavyodai.

Usipopata majibu, andika barua kwa mkuu wa gereza, nakala kwa mkuu wa magereza wa mkoa, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua hiyo itageuka hadithi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko na ina mamlaka ya kuingia magerezani. Mahakama ya Afrika, ingawa iko jirani, mwananchi wa Tanzania hawezi tena kuifikia moja kwa moja, kwa kuwa nchi iliondoa ridhaa yake ya kushtakiwa huko na wananchi wake Novemba 2019 na kujiondoa huko kukaanza kufanya kazi mwaka uliofuata. Njia ya nyumbani ni Mahakama Kuu, na hapo tafuta wakili au msaidizi wa kisheria mapema.

Akishatoka, msimwandalie sherehe ya ukoo mzima wiki ya kwanza. Kelele na watu wengi humlemea, na akijifungia chumbani msimwite mwenye kiburi. Awepo mtu mmoja anayemzoea, wale pamoja, watoke pamoja. Usingizi ukikataa kurudi, au akianza kuzungumza na asioonekana, mpelekeni kwenye huduma ya afya ya akili, Mount Meru kwa wa Arusha, Mawenzi au KCMC kwa wa Moshi, na mweleze daktari waziwazi kwamba alitengwa na kwa muda gani, maana yeye mwenyewe mara nyingi hatalisema.