Kairo ya zamani: stori tunazobebana nazo na ukweli wake

Kila mtu aliyepita Kairo, iwe transiti ya masaa kumi au kaenda kusoma kabisa, akirudi anakuja na stori zilezile: piramidi, ngamia, na soko la Khan el-Khalili alikolaliwa bei. Mitaa ya zamani yenyewe anaimaliza kwa sentensi moja tu, na mara nyingi hiyo sentensi moja ina makosa. Zingine nilikuwa naziamini mimi mwenyewe mpaka nilipoitembea kwa miguu.

La kwanza na ndo kubwa kuliko yote: "Kairo ni mji wa mafarao." Hapana jamani. Piramidi kubwa ya Giza ina miaka kama 4,500, wakati Kairo, al-Qahira, ilianzishwa mwaka 969 na jemadari Jawhar kwa niaba ya khalifa al-Mu'izz wa Wafatimi, ukoo wa watawala waliokuja kutokea huko Tunisia. Piga hesabu uone, kati ya piramidi na Kairo kuna miaka kama 3,500, kati ya Kairo na sisi hapa ni elfu moja na kidogo tu, yaani al-Mu'izz ni jirani yetu kuliko alivyokuwa jirani wa Farao Khufu, mwenye piramidi hiyo. Mji mkuu wa enzi za piramidi ulikuwa Memphis, kusini huko, na Giza yenyewe iko ng'ambo ya Nile. Ndani ya mji wa zamani mafarao utawakuta kama mawe ya kuokota. Kule mtaa wa Gamaliya kuna khanqah ya Baybars al-Jashankir, nyumba ya masufi ya mwaka 1310 hivi, ukifika usikimbilie kuangalia juu, angalia kizingiti unachotaka kukikanyaga. Ni jiwe la kifarao, lina maandishi yale ya vipicha, na watu wamekuwa wakilivuka kwenda kuswali karne saba sasa.

"Basi Wafatimi ndo wa kwanza pale." Nayo si kweli. Kabla yao Amr ibn al-As, jemadari wa Waislamu walioiteka Misri, alishaanzisha mji wa Fustat mwaka 641, na alipofika alikuta ngome ya Warumi inayoitwa Babylon (si ile Babeli ya Iraq, msichanganye). Hiyo ngome ndo Kairo ya Wakopti, Wakristo wa Misri, ya leo, unashuka stesheni ya metro ya Mar Girgis na ukitoka tu nje minara ya Kirumi hiyo hapo mbele ya pua. Lile kanisa wanaloliita Linaloning'inia halina mnyororo wala kamba, limejengwa juu ya lango la ngome ndo maana likaitwa hivyo. Na msikiti wa Amr, ambao watu wanapiga nao selfi wakiandika "msikiti wa miaka 1,400", kiwanja ndo cha miaka hiyo, jengo limebomolewa, likapanuliwa na kujengwa upya mara nyingi, ule wa Amr ulikuwa kijumba cha udongo na miti ya mitende. Ukitaka msikiti mkongwe ambao bado uko na umbo lake la awali nenda Ibn Tulun, ulimalizika 879, ua mkubwa mtupu, mnara una ngazi zinazouzunguka kwa nje, na wageni wachache kweli.

Sasa tuje kwenye Azhar, msikiti na chuo, maana hapa ndo hata wenzetu wenye elimu wanateleza. Masheikh wetu wengi wa pwani na bara wamesoma Azhar, kwa hiyo mtu anajua tu ni ngome ya Sunni tangu siku ya kwanza. Kumbe waliouanzisha mwaka 970 ni hao Wafatimi, na Wafatimi walikuwa Mashia wa Ismaili. Ukawa wa Sunni baada ya Salah al-Din kuuangusha utawala wao mwaka 1171, tena yeye akaizuia swala ya Ijumaa pale, ikarudi 1266 wakati wa Sultani Baybars (si yule wa khanqah). Karibu karne nzima Azhar haina khutba! Ukitembea kaskazini mpaka kwenye lango la Bab al-Futuh utaukuta msikiti wa al-Hakim, nao wa Wafatimi, ulishakuwa karibu gofu, waliokuja kuufufua kwenye miaka ya 1980 ni Mabohora, hawahawa wenzao wenye maduka Mombasa na Dar. Marumaru nyeupe inang'aa mpaka unafinya macho, kuna wataalamu wa majengo walinuna wakasema umekuwa mpya mno, mimi sikununa, watu wanakaa chini wanasoma, watoto wanateleza kwa soksi.

"Khan el-Khalili ndo mji wa zamani wenyewe." Hii inaniuma kidogo. Khan ni kipande tu, kilianzishwa na amiri mmoja, Jaharkas al-Khalili, mwishoni mwa karne ya 14, na pale alipojenga palikuwa na makaburi ya makhalifa wa Kifatimi. Waandishi wa zamani wanasimulia mifupa ilifukuliwa, ikabebwa na kwenda kutupwa jalalani nje ya mji upande wa mashariki. Upande huohuo wa mashariki taka zilirundikwa mamia ya miaka mpaka zikawa vilima, na mwaka 2005 juu ya vilima hivyo ikafunguliwa bustani ya Azhar, iliyojengwa kwa fedha za taasisi ya Aga Khan, ambaye Waismaili wake wanaamini ametokana na makhalifa walewale. Watu wanaidharau wakisema ni sehemu ya pikiniki. Wakati wa kuchimba, ukuta wa mji wa zama za Salah al-Din uliibuka kwenye taka, kama kilomita moja na nusu hivi! Panda pale jioni kabla ya magharibi, mji wote uko miguuni pako, ukirudi sokoni kununua viungo utakuwa unajua unakanyaga wapi.

Ngome ya mlimani nayo. "Ule msikiti wenye minara miwili myembamba ni wa Salah al-Din." Ngome ndiyo ya kwake, alianza kuijenga 1176, ila msikiti ni wa Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri, ulianza 1830, mtindo wa Istanbul kabisa, yaani ukilinganisha na majirani zake ni mtoto. Uani kuna mnara wa saa aliyotumiwa na mfalme wa Ufaransa, Misri nayo ikatoa ule mnara wa jiwe wa Luxor uliosimama Paris mpaka leo. Saa yenyewe muda mwingi wa maisha yake imekaa imekufa. Nani aliuziwa mbuzi kwenye gunia hapo, sema wewe.

Chini ya ngome kuna misikiti miwili imetazamana, mikubwa, rangi moja, kila mtu anaona ni mapacha. Sultan Hassan ni wa 1356 hadi 1363, huyo mwingine, al-Rifa'i, ulianza 1869 ukakamilika 1912. Karne tano na nusu kati yao! Walifanya makusudi kuufananisha. Ndani ya huo mpya, al-Rifa'i, ndo kuna kaburi la Mfalme Farouk wa Misri na la Shah wa Iran aliyekufa uhamishoni 1980. Sultan Hassan ukishindwa kwenda, toa noti ya pauni 100 ya Misri, picha yake iko pale.

"Makaburini hakuna cha kuona, pia ni pa kutisha." Nasemea makaburi makubwa ya zamani upande wa mashariki wa mji. Wanaishi watu pale, kuna fundi baiskeli, kuna wanaopuliza vioo, na msikiti wa Qaitbay wa 1474 wenye kuba iliyochongwa nyota na maua, kwangu mimi hakuna kuba nzuri zaidi Kairo. Salimia watu kwanza, kamera baadaye.

Za harakaharaka: asiye Mwislamu anaingia misikiti mingi tu nje ya saa za swala, avae vizuri na avue viatu, ingawa kwa Sayyidna Hussein kwa kawaida hawamruhusu. Na picha za kwako binafsi mtaani hazihitaji kibali, serikali ilishatangaza hivyo 2022, ila watu uwaombe na majengo ya jeshi na polisi uyaache.

Mwisho ile ya "msikiti leo umefungwa". Kijana mmoja alinikuta barabara ya al-Mu'izz naelekea kwa Qalawun, ile kompleksi ya 1285 iliyokuwa na hospitali ndani, akaniambia kwa upole kabisa leo kumefungwa kaka, kuna sherehe, twende kwanza kwa ami yangu unywe chai. Nikanywa chai, nikaoneshwa manukato nusu saa, nikatoka na chupa mbili ambazo sijui nilizitakia nini. Kutoka pale dukani mpaka Qalawun ni hatua kama mia mbili, na mlango ulikuwa wazi, mlinzi kakaa kwenye kiti anakula mbegu za maboga.