Ma: jina moja la ukoo, mizizi miwili

Ma ni jina la ukoo la Kichina linaloandikwa kwa herufi 馬, maana yake farasi. China Bara huiandika kwa kifupi, 马, mistari mitatu ya kalamu badala ya kumi. Ukiitazama ile ya zamani utamwona mnyama mwenyewe: manyoya ya shingo juu, nukta nne za miguu chini. Ndiyo maana wengi hudhani mwanzilishi wa ukoo alifuga au kuuza farasi. Sivyo. Jina lilitokana na cheo.

Mwenye cheo hicho ni Zhao She, mtoza kodi wa dola ya Zhao, kaskazini mwa China. Nyumba ya Pingyuan, mwana wa ukoo wa kifalme, ilipokataa kulipa kodi ya ardhi, Zhao She aliwaua wasimamizi wake tisa. Pingyuan alighadhibika, lakini baada ya kumsikiliza akampendekeza kwa mfalme. Mnamo mwaka 270 KK hivi Zhao She akalishinda jeshi la Qin, dola hasimu, huko Yanyu, na mfalme akamtunuku cheo cha Mafu Jun, yaani Bwana wa Mafu. Wazao wake wakalifanya Mafu kuwa jina lao, kisha silabi ya pili ikaachwa. Mwanawe, Zhao Kuo, aliyevijua vita kwa kusoma, aliangamia na jeshi lake huko Changping mwaka 260 KK.

Baadaye ukoo ulijikita Fufeng, katika mkoa wa leo wa Shaanxi. Hapo alitoka jemadari Ma Yuan (14 KK hadi 49 BK), aliyesema kuwa mwanamume afie vitani na mwili wake urudishwe umefungwa katika ngozi ya farasi. Wachina wanautumia usemi huo hadi leo. Na hadi leo vitabu vya nasaba vya akina Ma wengi hutaja Fufeng, hata kama familia imeishi Guangdong, kusini mwa China, kwa karne nyingi.

Mzizi wa pili ni wa Waislamu, na kwangu ndio mzito zaidi. Enzi ya Yuan, Wamongolia walipoitawala China, Waislamu wengi kutoka Uajemi na Asia ya Kati walihamia huko kama maofisa, askari, mafundi na wafanyabiashara. Enzi ya Ming iliposhika hatamu mwaka 1368, mavazi na majina ya kigeni yalipigwa marufuku. Jina la ukoo la Kichina kwa kawaida ni silabi moja, kwa hiyo majina marefu yalikatwa. Muhammad na Mahmud yalikuwa yakiandikwa kwa kuanzia na herufi 馬, ikichukuliwa kwa sauti yake tu, ikabaki hiyo. Miongoni mwa Wahui, Waislamu wanaozungumza Kichina, hakuna jina la ukoo lililoenea kama hili. Wenyewe wana msemo kwamba katika Wahui kumi, tisa ni Ma. Wametia chumvi, lakini ukifika Gansu, Ningxia au Qinghai, kaskazini-magharibi mwa China, utaelewa kwa nini.

Kwa hiyo kufanana kwa herufi si ushahidi wa udugu. Hata ndani ya Wahui wenyewe: majemadari wa Ma waliotamba kaskazini-magharibi mwanzoni mwa karne ya 20 walitoka katika familia tatu tofauti za eneo la Linxia, huko Gansu. Anayetaka kujua mtu ni wa tawi lipi aanze na kitabu cha nasaba, kisha mji wa asili, kisha dini ya wazee wake.

Makosa mengine hutokana na maandishi ya Kilatini. Ma isiyo na alama ya toni inaweza kuwa 馬, inayotamkwa kwa sauti inayoshuka kisha kupanda, au 麻, yaani katani, ya sauti inayopanda. Hilo ni jina jingine kabisa la ukoo. Kinyume chake, 馬 ileile huwa Mah kwa baadhi ya Wakantoni, Wachina wa Guangdong, walio ughaibuni, Beh au Be kwa wenye asili ya mkoa wa Fujian huko Malaysia na Java, na Mã kwa Wavietnam. Kumbuka pia kwamba jina la ukoo hutangulia: mcheza tenisi ya meza Ma Long ni Long wa ukoo wa Ma. Mwanamke akiolewa halibadilishi.

Mtu wa ukoo huu anayetuhusu watu wa pwani ni Ma He, aliyezaliwa Yunnan mwaka 1371. Jiwe la kaburi la baba yake, lililoandikwa mwaka 1405, linamwita Ma Hazhi. Hazhi ni Haji. Mwaka 1404 mfalme Yongle alimpa kijana huyo jina jipya la ukoo, Zheng, na dunia ikamjua kama Zheng He, amiri wa safari kubwa za baharini. Wakati wa safari hizo, mwaka 1415, twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme. Makarani wa Ming waliuandika mji huo Malin, 麻林: Ma ya katani, si ya farasi.